Meno Kwenye Kola

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza chuo ilikuwa kumchunga shangazi yangu asituue.

Sasa hivi nacheka, lakini siku ile Mama aliponivuta jikoni na kufunga mlango kwa kisigino, hakuna aliyecheka.

"Admin," akaninong'oneza. Nyumbani wananiita Admin kwa sababu mimi ndiye niliyefungua kundi la familia kwenye simu, na ndiye ninayewatoa watu wakituma video za kitunguu kinachotibu kila kitu. "Wewe huna kazi."

"Ahsante, Mama."

"Nyamaza. Kaa dukani umwangalie wifi yangu. Kila anachogusa, kione. Ukiona kitu, niambie mimi kwanza. Siyo kundini. Mimi."

Nikakubali haraka kuliko nilivyowahi kukubali kuosha vyombo.

Duka letu ni la dobi. Chumba kimoja kirefu mbele ya nyumba: mlangoni kaunta, katikati meza mbili za pasi zilizofunikwa blanketi lenye makovu ya kuungua, nyuma ua wenye mabeseni na kamba saba. Mwenye duka ni Baba, na Baba hatumii namba wala karatasi. Kila mteja ana alama yake, uzi wa rangi fulani na idadi fulani ya mishono, unashonwa ndani ya kola au kwenye ukanda wa suruali, pale ambapo hakuna anayechungulia. Uzi mwekundu mishono miwili, nesi. Mweusi mishono minne, askari wa geti la shule. Nguo ikichukuliwa uzi unafumuliwa, ikirudi unashonwa upya. Sisi wa nyumbani pia tunazo, ila zetu hazifumuliwi. Mteja akihama au akifa, alama yake hapewi mtu mwingine. "Kichwa changu ndiyo daftari," Baba anapenda kusema, huku anajigonga paji la uso kwa kidole.

Miaka ishirini na nane, hakuna hata soksi iliyofika kwa mtu asiye wake. Mpaka alipokuja Shangazi.

Ndivyo tulivyokuwa tunaisimulia sote, kwa maneno hayohayo, kama tumekariri.

Shangazi ni mdogo wake Baba, wa pekee. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha sare za shule, mji mwingine kabisa, miaka kumi na tisa, na muda wote huo alishona kola tu. Mwenzake anashona mikono, mwingine vifungo, yeye kola, mia mbili kwa siku. Alikuwa na chumba chake, redio yake, na mchumba ambaye hatukuwahi kumwona hata kwa picha. Kisha mashine yake ikaanza kumsema. Anaeleza mwenyewe bila aibu, kama mtu anayeeleza alivyoteguka mguu. "Ilikuwa inanisema, mwanangu. Kwanza kola zangu mbaya. Baadaye mimi mbaya." Siku moja akaingia kazini akakata nyaya za ile mashine kwa mkasi ili inyamaze. Hakumgusa mtu. Lakini habari ilipotufikia ilikuwa imeshaota mikono na miguu: amemvamia msimamizi. Mpaka leo ukimwachia Mama asimulie, mkasi una damu.

Akalazwa, akatoka, akalazwa tena, miaka minne. Miezi kumi na saba iliyopita Baba akaenda kumchukua, yeye na begi lake moja. "Dada yangu halali tena kwenye kitanda chenye namba," akasema. Jioni hiyohiyo akamshonea alama kwenye nguo zake zote: uzi wa njano, mshono mmoja.

Sisi wengine tukampokea kwa njia yetu. Akapewa kikombe chake peke yake, cha plastiki. Mikasi yote minne ikapandishwa juu ya kabati, kwa hiyo duka zima la dobi tukawa tunakata uzi kwa meno kama panya. Wateja nao wakaanza kuinama kwenye kaunta na kuuliza kwa sauti ya chini ambayo hata wa barabarani anaisikia, "Yule mgonjwa wenu ndiye anapiga pasi?"

"Leo napiga pasi tu," Shangazi anajibu kutoka ndani. "Kichaa ni Jumanne. Njoo mapema, kuna foleni."

Mimi ningecheka, kama nisingekuwa nahesabu mikasi.

Balaa lilianza na nesi. Alifungua mfuko wake kazini akakuta suruali ya askari. Askari naye akaja na gauni la nesi amelibana kwapani, kalionea aibu kama kaliiba. Wiki iliyofuata ikawa mapazia ya saluni kwa mwalimu wa hesabu. Halafu karani wa posta akakosa mashati matatu, wiki ileile ya usaili wa kupandishwa cheo. Akasimama kaunta akapaza sauti: "Mkiweka wagonjwa wa akili dukani, mnategemea nini?"

Mama akatangaza kikao cha familia, Jumapili saa nane mchana. Mwenyekiti ni mjomba wangu, kaka yake Mama, ambaye tunamwita Katibu maana hata tukipiga soga anaandika majina ya waliohudhuria. Ajenda ilikuwa moja, na ilizunguka nyumba nzima isipokuwa kwa Baba, ambaye ana simu ya vitufe na hayumo kundini. Shangazi arudishwe hospitali. Mjomba alikuwa ameshaulizia kitanda.

Shangazi alijua. Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye upande ule mimi upande huu, akasema tu, kama anayeongelea hali ya hewa, "Mimi sina makuu. Nataka kuamka mahali ambapo mlango una kitasa upande wangu." Kisha akavuta shuka nikakaribia kuanguka. "Kaza mikono, jasusi."

Kumbe anajua? Anajua nini? Nani kamwambia? Nikakaza mikono.

Ujasusi wangu, kusema kweli, ulikuwa wa kiwango cha chini. Nakaa kwenye stuli karibu na mlango wa ua, naigiza kuperuzi simu, jicho moja kwake. Lakini niliyoyaona hayakuwa ya kuniwekea amani moyoni. Alikuwa anageuza kola za nguo zilizokwisha kupigwa pasi, anazisogeza karibu na uso, anaongea nazo. "Wewe wa nani, eh? Wa nani wewe?" Alikuwa anamwangalia Baba mikono, siyo uso, akishona alama. Baba akitoka tu, anaichukua ile nguo. Mara mbili nilimkuta anaficha kitu kwenye mfuko wa aproni.

Na Baba? Baba alikuwa Baba. Siku moja aliniuliza mara tatu leo siku gani, nikamwambia anunue kalenda, tukacheka. Siku nyingine aliweka sabuni kwenye birika la chai. Tukacheka hadi machozi, nikatengeneza na stika. Baba akikosea tunacheka. Shangazi akikosea tunaitisha kikao.

Alhamisi, akiwa anaanika, nikaingia chumbani kwake. Chini ya mto kulikuwa na daftari la jalada la kijani. Dawa zake za jioni zinampa ndoto nzito, na daktari alimwambia aziandike asubuhi ili asizibebe mchana kutwa. Nikafungua mwanzo, nikasoma:

*Nimeota mashati yamepanga foleni. Kila moja linamuuliza Kaka, mimi wa nani? Kaka anacheka. Hajui. Anacheka tu.*

*Nimeota nang'oa meno kwenye kola. Meno madogo ya kijani. Nang'oa taratibu ili mwenyewe asisikie.*

*Nimeota yule mtoto wa simu amekaa kwenye stuli. Ana macho kumi na yote hayaoni.*

Huyo wa mwisho ni mimi, jamani. Nikapiga picha tatu, nikarudisha daftari, nikatoka mbio. Mama alisema nimwambie yeye kwanza. Nilituma kundini.

Simu ikawaka moto. Binamu akaleta stika ya mtu anakimbia bila viatu. Mama: "ADMIN NILISEMA MIMI KWANZA." Sekunde mbili baadaye: "Meno ya NANI??" Mjomba: "Imepokelewa. Itaingia kwenye kumbukumbu." Usiku huo kila mtu nyumbani alifunga mlango kwa funguo, na mimi nililala na mkono mdomoni, nalinda meno yangu.

Ijumaa asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nikamnasa. Alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi na shati jeupe, ana sindano, anafumua alama ya ndani ya kola. Mshono mmoja, wa pili, wa tatu. Akautoa uzi, akautia mfukoni, kisha akashona mwingine wa rangi tofauti. Nilirekodi yote kupitia upenyo wa mlango, sekunde arobaini na moja, mkono hautetemeki. Hiyo ndiyo kazi yangu bora kuliko zote kwenye kamera, na natamani nisingeifanya. Ilipofika kundini, Mjomba hakuandika hata "imepokelewa". Aliandika: "Jumapili tunamaliza."

Nilijiona shujaa kwa siku moja na nusu.

Jumamosi mchana Mjomba akaniagiza niandae vielelezo. Ndiyo, alisema vielelezo. Shangazi alikuwa uani, basi nikachukua mashati matatu kwenye rundo ambalo Baba alikuwa ametoka kulishona alama asubuhi ile, na ambalo Shangazi alikuwa bado hajaligusa. Nikageuza kola ili nipige picha alama sahihi, tulinganishe. Yalikuwa mashati ya karani wa posta, nilimwona akiyaleta mwenyewe, na alama yake ni buluu, mishono miwili. Naijua kwa sababu nimeiona kwenye kola zake tangu nikiwa mdogo.

Ndani ya kola kulikuwa na kijani, mishono mitatu.

Nikajua tu, Shangazi. Lakini ameishona lini, wakati mimi mwenyewe nilikuwa kwenye stuli? Nikampelekea Baba aliyekuwa anamenya chungwa barazani.

"Baba, hii alama ya nani?"

Hata hakufikiri. "Fundi saa. Mwambie mashati yake yatakuwa tayari kesho."

Alirudi kumenya chungwa lake. Mimi nikabaki nimesimama juani, mashati mkononi.

Fundi saa alikufa nikiwa darasa la tatu. Nakumbuka kwa sababu saa yangu ya mkononi ilibaki kwenye kibanda chake, na nililia kwa ajili ya saa kuliko kwa ajili yake. Mwaka huo Shangazi alikuwa mji mwingine anashona kola mia mbili kwa siku. Alama ya fundi saa hakuwahi kuiona. Hakukuwa na karatasi ambayo angeisoma. Ilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye kile kichwa ambacho ndiyo daftari.

Nikaenda uani. Shangazi alikuwa anaanika mapazia, vibanio vitatu mdomoni.

"Ni Baba," nikasema.

Akatoa vibanio kimoja kimoja. "Imekuchukua muda, jasusi."

"Wewe ulikuwa unafumua zile alama ili..."

"Ili nguo ziende kwa wenyewe. Nyingine zinaniponyoka, sina alama zote. Bado najifunza." Akafuta mikono kwenye aproni, akatoa lile daftari la kijani, akaligeuza kichwa chini na kulifungua kutoka nyuma. Kurasa na kurasa. *Buluu mbili, karani wa posta. Kaka kaweka kijani tatu, nimerudisha. Nyekundu mbili, nesi. Kaka kaweka nyeusi nne, sikuiona kwa wakati, imeshaenda.* Tarehe, miezi tisa. Kati ya kurasa alikuwa amebandika vipande vya nyuzi alizofumua, vidogo, vimejikunja. Vinafanana na meno, kwa kweli. Meno ya maziwa.

"Kwa nini hukusema?" Sauti yangu ilikuwa imepanda. "Kesho wanakurudisha kule! Nitawaambia sasa hivi."

"Thubutu." Hajawahi kunishika mkono, siku ile alinishika. "Sikiliza, mwanangu. Mimi jina hilo limeshanikaa. Nikidondosha kijiko, ni ugonjwa. Nikicheka, ni ugonjwa. Nikinyamaza, ndiyo kabisa, wanaficha visu. Unajua inavyochosha? Kaka yangu bado akidondosha kijiko, kijiko kimedondoka tu. Mwache akae hapo."

"Na kitasa chako?"

Alirudisha vibanio mdomoni.

Jumapili saa nane tukakaa sebuleni. Mjomba na kalamu mbili, Mama na kanga ya kujifutia machozi ambayo hayajaja, Binamu na simu chini ya meza. Shangazi karibu na mlango, kikombe chake cha plastiki mapajani. Baba kwenye kiti chake, anatuangalia mmoja mmoja.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, shemeji," Mjomba akasema. "Tumekaa kuhusu hali ya dada."

"Dada yangu hana shida."

"Shemeji, tuna ushahidi." Akachukua daftari, ambalo Mama alikuwa amekwenda kulitoa chini ya mto saa ile ile, akaanza kusoma ndoto za mtu mzima kwa sauti ya taarifa ya habari. Mashati kwenye foleni. Meno. Alipofika kwenye yule mtoto wa macho kumi, wote wakanigeukia kwa huruma, na mimi nikamwangalia Shangazi. Alikuwa amekaa wima, anaangalia ndani ya kikombe kitupu. Umewahi kusomewa ndoto zako mbele ya wifi yako? Hata mtu asiye na ugonjwa angeupata pale pale.

"Hatua inayofuata," Mjomba akasema, "ni kumjulisha yule mtu wa kitanda."

Nilikuwa nimeahidi kwa kunyamaza. Mdomo wangu haujawahi kuheshimu makubaliano ya hivyo.

"Mjomba, geuza daftari. Anza nyuma."

"Admin, kaa chini."

"Anza nyuma!"

Shangazi akafumba macho. Mjomba akageuza, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili kwa sauti ndogo zaidi, wa tatu kimoyomoyo. Mimi nikaweka mashati ya karani mezani, kola juu, kijani tatu. Nikasema ya fundi saa. Mama akashika mdomo.

Kisha sote, bila kupanga, tukamgeukia Baba. Lile jicho. Unalijua? Lile ambalo kwa miezi kumi na saba tulimwekea Shangazi, la kuhesabu mikono ya mtu. Baba akaificha mikono yake chini ya mapaja.

"Msimwangalie hivyo," Shangazi akasema.

Macho yetu yakabaki palepale.

"Nimesema msimwangalie hivyo! Mkimwangalia hivyo hata maji yatamponyoka. Mimi najua. Angalieni ukuta, angalieni simu, nyie si mna simu!"

Tukaangalia ukuta. Mjomba mwenye kalamu mbili akaangalia ukuta. Ndipo Baba akachukua shati, akaligeuza kola, akapitisha kidole gumba juu ya ile mishono.

"Fundi saa kafa?"

"Alikufa, Kaka. Zamani."

"Mbona hamkuniambia?"

Mama ndiye aliyejibu, na safari hii machozi yalikuwepo. "Ulibeba jeneza, mume wangu."

Mjomba akafunga daftari. Akalirudisha kwa Shangazi kwa mikono miwili, na kwenye kumbukumbu za kikao akaandika, nilichungulia, *Ajenda imeondolewa.* Samahani hakuandika. Mama alipoleta chai akampa Shangazi kikombe cha udongo kama vyetu, halafu akasimama anamtazama anavyokishika, kwa mashaka yaleyale, sijui kwa mazoea. Sitakudanganya kwamba iliisha siku ile. Mkasi mmoja tu ndio umeshuka kabatini mpaka sasa. Video nimeifuta kundini, lakini Binamu alikuwa ameshaihifadhi.

Alhamisi iliyofuata tukampeleka Baba kliniki, mimi na Shangazi. Ni ileile ya Shangazi, kwa sababu ndiyo anayoijua: dirisha lipi linafunguliwa kwanza, nesi yupi ana roho nzuri, choo kipi kina maji. Baba akakataa kukaa kwenye benchi. Anaangalia barabarani, kofia imeshuka hadi nyusi.

"Watu watatuona."

"Kaa bwana. Nimelikalia benchi hili miezi kumi na saba, haliambukizi."

Akakaa, upande wa pembeni kabisa. Baada ya muda akasogea. Baada ya muda tena nikamsikia ananong'ona, "Leo umeota nini?"

"Nimeota umenisahau."

"Halafu?"

"Halafu ukaniuliza, wewe wa nani? Nikageuza kola, nikakuonyesha."

Baba akanyoosha mkono, akaugeuza ukosi wa blauzi yake pale pale mbele za watu. Uzi wa njano. Akahesabu kwa kidole, ingawa wa kuhesabu ulikuwa mmoja tu. "Hiyo yangu hiyo," akasema. "Hiyo naijua."

Dirisha likafunguka. Nesi akatutazama sote watatu, kalamu mkononi. "Mgonjwa ni nani kati yenu?"

Baba akamwangalia Shangazi. Shangazi akamwangalia Baba. Kisha wote wawili, bila hata kupeana ishara, wakaninyooshea kidole mimi.

"Hapana, siyo mimi," nikasema. "Mimi mzima kabisa, nimewasindikiza tu, wanatania hawa, waulize!"

Nesi akanipima kutoka kichwani hadi viatuni, taratibu, na lile jicho. Na jinsi nilivyozidi kujieleza, ndivyo alivyozidi kuandika.